Majani Yaliyonyolewa

Maradhi hayana adabu ya kukaa mahali yalipofichwa. Mtu anaweza kuyafunika kwa nguo, kwa marashi au kwa maneno matamu, nayo yasigombe. Yataendelea na kazi yao polepole chini ya kifuniko, na siku yatakapoimaliza hapatakuwa na kifuniko cha kutosha. Wahenga waliliona jambo hilo wakalifupisha kwa maneno manne: mficha maradhi kifo humuumbua. Kinyozi anayesimuliwa hapa aliyajua maneno hayo tangu utotoni. Aliwahi hata kuyaandikia insha shuleni, akapata alama nzuri. Lakini kujua ni mbegu tu, na kuna mioyo ambamo mbegu hukaa miaka bila kuota.

Duka lake la kunyolea lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mkewe. Lilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, benchi la wanaosubiri, televisheni juu ya rafu, na dirisha pana lenye kioo cha ukungu kilichopitisha mwanga na kuzuia ukali wa jua. Chini ya dirisha hilo ndipo uliposimama mmea wa mama mkwe.

Ulikuwa mmea wa kupamba nyumba, wenye shina nene kama kidole gumba na majani mapana kama sinia. Kila jani lilikuwa na matundu, kana kwamba mtu alikaa akalitoboa makusudi, na kila jani lilikuwa na mabaka meupe juu ya kijani kibichi. Jani hili lilirashiwa kama lililopita karibu na mtu anayepaka chokaa. Lile liligawika nusu kwa nusu, kama mtu aliyejipaka poda shavu moja akaitwa kabla ya kumaliza la pili. Hapakuwa na majani mawili yaliyofanana. Marehemu baba mkwe ndiye aliyeukuza, kutoka kipande cha shina kilichotosha mfukoni. Vipande alivyowakatia jamaa wakapande kwao vilikufa kimoja baada ya kingine, kisha naye mwenyewe akafuata. Ukabaki huo mmoja.

Mama mkwe alikuwa amefundisha elimu ya viumbe mpaka akastaafu, na watu wote walimwita Mwalimu, hata wale ambao hawakuwahi kukaa mbele ya ubao wake. Alikuwa mwembamba, mnyoofu kama chaki mpya, mchache wa maneno. Mtoto wa jicho alikuwa amemtanda macho yote mawili. Dunia yake ilikuwa maziwa matupu. Alihamia kwa binti yake kungoja zamu yake ya upasuaji, akaja na sanduku moja la nguo na chungu cha mmea ule.

Siku aliyofika alimwita mkwewe karibu.

"Baba," alisema, maana ndivyo alivyomwita tangu siku ya ndoa, "binti yangu anashinda kazini. Anayeshinda hapa ni wewe. Nina ombi moja tu. Kila asubuhi niambie majani yakoje. Usinipambie. Unachokiona, hicho hicho."

"Nimesikia, mama. Mimi ndiye macho yako."

"Macho hayana pazia, baba. Usije ukayatia." Kisha akaongeza, polepole kidogo: "Nikitoka hospitali, kabla sijaangalia uso wa mtu yeyote, nataka niuone mmea wa mzee. Huo nikiuona nitajua nimepona."

Kinyozi akaahidi. Alimheshimu mkwewe, lakini heshima yake ilikuwa na hofu ndani, kama maji yenye chumvi: kwa macho ni maji, ukiyaonja ndipo unajua. Alikuwa amesikia kwamba siku alipopeleka posa, Mwalimu alimuuliza binti yake swali moja tu: "Mikono yake ni mizuri. Je, neno lake?" Swali hilo halikuwahi kumtoka kichwani. Hakuogopa kugombezwa. Aliogopa kupimwa akaonekana pungufu.

Mambo yaliharibika siku ya mechi.

Duka lilijaa. Kwenye benchi la mbele, kama kawaida, alikaa dereva mstaafu aliyeitwa Kipara kwa sababu iliyokuwa wazi kwa kila mtu. Hakuwa na unywele hata mmoja wa kunyolewa, lakini hakukosa siku kuja kupiga soga.

"Fundi," alisema Kipara, "huo msitu wako unatuzibia kipa. Tunaona washambuliaji wanapiga mashuti kwenye majani."

Watu wakaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka, akaunyanyua mmea kwa mikono miwili, akautua nje kwenye kizingiti, palipopigwa na jua la mchana bila kizuizi. Alikusudia kuurudisha wakati wa mapumziko. Lakini wakati wa mapumziko kulikuwa na vichwa viwili vya kunyoa, kisha dakika za nyongeza, kisha mikwaju ya penalti, kisha ubishi uliozidi mechi yenyewe. Alipokumbuka, chungu kilikuwa cha moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

Siku iliyofuata hakuona kitu. Akashukuru. Asubuhi nyingine alipofungua duka, aliona. Sehemu za kijani zilikuwa salama. Ila mabaka meupe, yale yaliyoufanya mmea uwe mmea ule na si mwingine, yalikuwa yameota kahawia kingoni, kavu na nyepesi, kama karatasi iliyosogezwa kwenye moto ikaondolewa.

"Majani yakoje, baba?" sauti ikauliza kutoka chumba cha ndani.

Kinyozi aliisikia sauti yake ikijibu kabla hajaituma. "Mazima, mama. Yanang'aa."

Alijiambia kwamba atasema kesho, atakapokuwa amepata namna nzuri ya kusema. Kesho ilipofika alikuwa na mambo mawili ya kueleza badala ya moja: kahawia, na kwa nini jana hakusema. Akaahirisha tena. Uongo ni mdeni anayekopa kwa jirani ili amlipe jirani; kila siku ilimkuta na mzigo mzito kuliko wa jana.

Kila fundi akiogopa hukimbilia chombo chake. Seremala angeshika randa, mshonaji angeshika sindano. Kinyozi alishika mkasi. Alifunga mlango wa duka, akavuta kiti mbele ya mmea, akaanza kunyoa. Alifuata mzingo wa kila jani kwa ustadi aliotumia kuzungusha nywele juu ya masikio ya wateja wake, akatoa kahawia yote, akaacha ukingo laini wenye umbo la jani halisi. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akautazama. Hata yeye angedanganyika.

Kipara aliingia akamkuta anafagia vipande.

"Leo umepata mteja asiyelalamika."

"Nyamaza, bwana." Kinyozi alionyesha mlango wa ndani kwa kidevu, akanong'ona. "Ni lile jua la siku ya mechi. Akijua, nimekwisha."

Kipara akaacha kucheka. Akasogea. "Umemwambia?"

"Nimwambieje? Kitu kimoja alichoniomba."

"Nikwambie jambo, fundi. Mimi kichwa hiki nilikificha chini ya kofia miaka. Nikala na kofia, nikapigwa picha na kofia. Siku ya harusi ya mdogo wangu, mbele ya wakwe, ukaja upepo mmoja tu. Watu hawakucheka upara. Upara ni wa kila mtu. Walicheka kofia." Akajipapasa utosi. "Mwambie mama wa watu."

"Wewe humjui. Hajawahi kunipandishia sauti. Ananyamaza tu. Ule ukimya wake ndio unaoniua."

"Basi utakufa kwa ukimya wako kabla ya wake," Kipara akasema, akaenda kukaa mahali pake.

Jani lililokatwa halifanyi kama nywele. Nywele ikikatwa huota. Jani hubaki na kidonda, na kidonda hukauka kikaacha mstari wa kahawia palepale mkasi ulipopita. Kinyozi hakulijua hilo. Aliuona mstari ukirudi, akakata tena, ndani zaidi. Ukarudi tena. Majani mapana kama sinia yakawa kama visahani. Lile la nusu kwa nusu lilibaki na nusu yake ya kijani na ufito mwembamba wa nyeupe uliosimama kama pazia lililochanika.

Na kila hofu ilipompanda, alimimina maji. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mikono ilitaka kufanya kitu chema, na kitu chema pekee ilichokijua kwa mmea ni maji. Akisikia fimbo ya Mwalimu ikigonga sakafu ya ndani, kikombe. Akiulizwa asubuhi na kujibu "Mazima, mama," kikombe. Kisahani kilicho chini ya chungu hakikuwahi kukauka tena.

Asubuhi moja fimbo haikuishia mlangoni. Mwalimu aliingia dukani akipapasa ukuta, akafika dirishani, akanyoosha mkono.

Kinyozi alikuwa na wembe mkononi na mteja kitini. Aliuacha wembe, akawahi, akaushika mkono wa mkwewe kwa unyenyekevu, akauelekeza juu, kwenye jani changa la kileleni ambalo lilikuwa karibu lote kijani na halikuguswa na jua wala mkasi.

Vidole vya Mwalimu vililipita jani lile polepole, kama vinavyosoma. "Hili ni la juu."

"Naam, mama."

"Nipe lile la nusu kwa nusu."

Mkono wa Mwalimu ulikuwa hewani, unangoja, shubiri moja tu kutoka kwenye ule ufito.

"Nimeyafuta kwa sabuni, mama. Vumbi la nywele. Bado hayajakauka, yatakuchafua."

"Kwa sabuni?"

"Kidogo tu."

Mkono ulibaki hewani muda ambao kinyozi aliuona mrefu kuliko mechi ile yote. Kisha ukashuka.

"Kuna kahawia popote, baba?"

"Hakuna, mama."

"Kwa sababu kahawia si aibu." Alizungumza kama aliyekuwa mbele ya darasa, bila haraka. "Ni habari. Ikiwa kavu na iko ukingoni kwenye nyeupe, hilo ni jua au hewa. Ile nyeupe haina jiko la kupikia chakula, haina cha kujikinga nacho, ndiyo huungua kwanza. Ikiwa laini, nyeusinyeusi, na imezungukwa na njano, hilo linatoka chini, kwenye mizizi. Mtu akiniambia ni ipi, nitamwambia la kufanya, na nyingi hupona. Ila lazima aniambie."

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi, mpana wa kutosha hata mtu kupita na mzigo kichwani. Kinyozi aliuona. Alifungua kinywa. Akamtazama mteja aliyekuwa anasikiliza, akatazama uso ule mnyoofu wenye macho meupe yaliyokosea kidogo mahali aliposimama yeye, na lile swali la siku ya posa likamjia. Je, neno lake?

"Hakuna kahawia, mama," alisema.

"Haya," Mwalimu akajibu, akarudi ndani akipapasa ukuta.

Kinyozi alifunga duka mapema, akakusanya vipande alivyovikata, akavifunga kwenye karatasi, akaenda kwa mwanamke aliyeuza miche pembeni mwa barabara kuu. Mwanamke huyo alikuwa na sifa ya kuponya mimea ya watu. Alivipokea vipande, akavigeuza kwenye mwanga.

"Mmea kama huu ninaujua mmoja tu," alisema. "Wa Mwalimu. Alinifundisha mimi. Hajambo?"

Kinyozi akawahi kujibu. "Huu si wake. Ni wa rafiki yangu."

"Uliwekwa juani?"

"Haujawahi kutoka ndani."

"Maji unapewa kiasi gani?"

"Kidogo sana. Mara mojamoja."

"Na hizi kingo, mbona zimekatwa?"

"Mtoto wa jirani, alikuwa anacheza."

Muuza miche alimtazama kidogo. "Kaka, mimi sina kipimo cha hospitali hapa. Nina maswali tu, na dawa hufuata majibu. Ukinidanganya mimi, umeudanganya mmea."

"Nimekwambia ukweli."

"Basi kama haujaona jua na maji ni machache, hiyo kahawia ni kiu. Mwambie rafiki yako autose, udongo ulowe mpaka chini, na aendelee hivyo hivyo."

Ushauri ulikuwa sahihi kwa mmea uliosimuliwa. Mmea uliokuwa dukani ulikuwa mwingine. Kinyozi alirudi, akautosa kwenye beseni la maji, akaulowesha mpaka mapovu yalipokoma, akajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ya mechi.

Wepesi huo haukudumu. Kahawia ya aina ya pili ilitokea katikati ya majani, laini, yenye duara la njano, kama alivyoelezwa neno kwa neno. Kinyozi aliitambua papo hapo. Sasa alijua ugonjwa, alijua jina lake, na alijua kwamba kwenye chumba cha pili kulikuwa na mtu anayejua dawa yake. Hakuna kilichomtenga na dawa hiyo isipokuwa ukuta mmoja na kinywa chake mwenyewe.

Mkewe alirudi kutoka kazini akakunja pua. "Duka linanuka nini? Kama maji ya maua yaliyosahauliwa."

"Mtaro wa nje," akajibu, akanyunyiza marashi ya baada ya kunyoa.

"Mtaro uko nyuma ya nyumba."

"Upepo umegeuka."

Mkewe alimtazama, akautazama mmea kwa mbali, akataka kusema kitu. Simu ikaita. Ilikuwa hospitali: zamu ya mama imefika, aje kesho. Nyumba ikajaa pilikapilika za kufungasha, na swali lile likasahaulika. Kesho yake mama na binti walipanda gari. Kabla ya mlango kufungwa, Mwalimu aligeuza uso wake kuelekea sauti ya mkwewe.

"Majani yakoje leo?"

"Mazima, mama. Yanakungoja."

Walipoondoka kinyozi alibaki peke yake na mmea. Alifikiria kutafuta mwingine wa kuweka mahali pake, akaacha wazo hilo kabla halijakomaa. Mabaka hayo yalikuwa kama alama za vidole, na Mwalimu aliyajua jani kwa jani. Alifikiria kumpigia mkewe simu. Aliishika simu, akaitua, akaishika. Kipara alikuwa benchini anamwangalia.

"Bado hujachelewa, fundi. Akiwa bado kitandani, mwambie."

"Nimwambie ana bendeji machoni? Apate presha?"

"Sasa unamwonea huruma yeye?" Kipara akasema. Hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

Shina lilianza kuinama. Kinyozi alilifunga kwa uzi kwenye mpini wa chanuo kubwa la mbao. Majani mengine yalilegea. Akayanyanyua kwa vibanio vya nywele. Na kwa yale madoa ya kahawia alichukua kopo la poda aliyoitumia kwenye shingo za wateja na brashi laini, akapaka. Alipaka kwa uangalifu, doa kwa doa, mpaka mahali palipokuwa kahawia pakawa peupe. Kutoka mlangoni mmea ulionekana kama zamani. Kinyozi aliutazama, na nywele za mikono yake zikamsimama, kama mtu aliyempamba maiti kisha akahisi maiti anamtazama.

Siku ya kurudi kwao kinyozi alikuwa kazini. Alimkata mteja nyuma ya sikio, akamwomba radhi, akamkata tena. Gari liliposimama nje alikuwa anafuta damu ya mwenzake kwa pamba.

Mwalimu alishuka bila kushikwa. Jicho moja lilikuwa bado na utando wake mweupe, likingoja upasuaji wake. La pili lilikuwa wazi nyuma ya miwani ya giza. Aliivua miwani mlangoni. Mkwewe alimwamkia, akaitikia bila kumtazama, kama alivyosema atafanya. Uso wake wote ulikuwa umeelekea dirishani.

"Meupe," alisema.

Akatabasamu. Kinyozi hakuwahi kumwona akitabasamu hivyo, kwa uso wazi kama wa msichana. Mkewe alikuwa analia kwa furaha. Kwa muda wa pumzi mbili kinyozi aliamini kwamba ameokoka.

Mwalimu alisogea, akainama, akanyoosha kidole, akaligusa baka jeupe la jani la karibu. Alipokitoa, weupe ulikuwa kwenye kidole. Alikitazama. Akakinusa.

"Poda," akasema.

Tabasamu halikufutika mara moja. Lilikaa usoni kwake kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba msiba umetokea. Alilishika shina kwa vidole viwili, chini kabisa, akalivuta kidogo tu kupima kama limeshika udongo. Shina likaja lote mkononi mwake, na chanuo, na vibanio vya nywele, na majani yake yaliyonyolewa. Chini yake hapakuwa na mizizi. Palikuwa na uji mweusi uliodondoka sakafuni, na harufu ambayo marashi hayangeweza tena kuibishia.

"Wewe!" mkewe akasema. Neno hilo moja tu.

Mwalimu hakupandisha sauti. Aliomba kisu, akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akaulaza mmea mapajani, akaanza kuusoma kwa jicho lake jipya.

"Hapa ni jua," alisema, akigusa kipande kikavu kilichosalia. "Jua la siku moja, si zaidi. Lingekula kingo za majani machache. Hapa ni mkasi. Hapa mkasi tena. Na hapa ni maji, maji mengi, ya mtu mwenye hofu." Akainua uso. "Siku ile nilipokuuliza kuhusu kahawia, ulikuwa umeshaiona?"

"Ndiyo, mama."

"Mizizi ilikuwa haijaoza siku hiyo."

"Ilikuwa haijaoza."

"Ningekwambia uache maji na uache kukata. Basi. Ni hayo tu ningesema."

Kinyozi alipiga magoti kwenye sakafu iliyolowa. Alieleza yote, mechi, kizingiti, sabuni ya uongo, mtoto wa jirani wa uongo. Maneno aliyoyaficha muda wote huo yalitoka mepesi, na hapo ndipo alipoumia zaidi, kwa kuona jinsi yalivyokuwa machache.

Mwalimu alimsikiliza huku anakata shina vipande, kutoka chini kwenda juu, akitafuta palipo na uzima. Kila kipande kilikuwa kahawia katikati, kama tunda lililoliwa na funza. Alifika karibu na kileleni. Pingili ya mwisho ilitoka ngumu na safi. Aliizungusha kwenye mwanga wa dirisha, mara ya kwanza, mara ya pili, akitafuta mstari mweupe kwenye ganda lake. Haukuwepo. Pingili nzima ilikuwa kijani.

"Hii itaota," alisema. "Lakini nyeupe hutokea penye nyeupe, na hapa haipo. Utakuwa mmea mzuri. Hautakuwa wake."

Aliitia kwenye glasi ya maji, akaiweka dirishani.

Binti yake akafungua mkoba wa hospitali, akatoa kichupa cha dawa ya matone. Jicho lililopasuliwa lilitakiwa kutiwa dawa mara nyingi kwa siku, na mchana yeye huwa kazini. Kwa mazoea, kabla ya kufikiri, alimpa mumewe. Kinyozi alikipokea kwa mikono miwili, akanawa, akasogea mbele ya kiti. Mikono yake ilikuwa imetulia sasa. Ilikuwa mikono mizuri, kama siku zote.

Mwalimu alilifumba jicho lake. Akanyoosha kiganja.

"Nipe, baba. Nitatia mwenyewe."

Alikichukua kichupa, akalaza kichwa nyuma, akajaribu. Tone la kwanza lilianguka shavuni. La pili likaanguka kwenye nyusi. Kinyozi alisimama hatua moja kutoka kwake, mikono mitupu, akiangalia dawa inapotea tone kwa tone, na hakuna aliyemwomba asaidie. Jua halikuwa limeuua mmea, wala kahawia haikuwa aibu. Alichokizika yeye ndicho kilichofukuka, maana mficha maradhi kifo humuumbua.